Boti Iliyolalia Kushoto

Mume wangu alipata kiharusi akiwa darasani, mbele ya ubao, anafundisha hesabu za sehemu kwa darasa la sita. Mimi nilikuwa na darasa la pili, vyumba vitatu kutoka kwake. Nilisikia watoto wake wamenyamaza kwa namna ambayo watoto wa darasa la sita hawanyamazi, kisha nikasikia miguu inakimbia kuja kwangu. Nilipofika alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, chaki ingali katika mkono wa kulia, mdomo umekwenda upande. Alinitazama, akajaribu kuniita. Huwa ananiita "madam", kama wanafunzi wanavyoniita, tangu enzi za uchumba wetu katika shule hiyohiyo. Siku ile neno halikutoka.

Miezi iliyofuata sitaisimulia yote. Kulikuwa na hospitali, kulikuwa na barabara ya kwenda hospitali, na kulikuwa na mimi kujifunza kumgeuza mtu mzima kitandani bila kuvunja kiuno changu. Mkono na mguu wa kushoto havikumtii. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitufundisha namna ya kuviamsha kidogo kidogo: kufinya mpira, kusukuma ukuta, kukaa kwenye kiti bila kuegemea. Kukaa bila kuegemea ndiko kulikomshinda zaidi. Mwili ulivutika kushoto bila yeye kujua. Nilikuwa nikipita nyuma yake namnyoosha bega kwa kiganja, mara nyingi kwa siku, mpaka nikazoea, nikawa namnyoosha hata pale alipokuwa amenyooka.

Mwezi wa nne wa ugonjwa maneno yalianza kurudi. La kwanza alilolitamka vizuri lilikuwa "chumvi", kwa sababu nilikuwa nimeisahau kwenye mboga. La pili lilikuwa "boti".

Yeye ni mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe. Alipopangiwa kazi Hanang alidhani anakuja kuishi mbali na maji maisha yake yote, na siku aliposhuka Basotu akaliona ziwa, alisema hataomba uhamisho kamwe. Hakuomba. Mwaka wa pili aliwaita mafundi wa kwao wakamjengea boti ya mbao, ndefu hatua kama saba, akanunua injini ndogo iliyotumika na kuisafirisha kutoka Mwanza kwenye buti la basi, imefungwa kwenye blanketi. Jumamosi alikwenda kuvua perege. Siku nyingine aliwavusha watu waliomwomba: mama mwenye magunia ya mahindi, mgonjwa, mara moja bibi harusi na mashangazi zake wote.

Mimi nimezaliwa Mbulu, kule juu kwenye baridi. Maji makubwa niliyoyajua utotoni ni kijito tulichokivuka kwa kurukaruka juu ya mawe. Mwaka wa kwanza wa ndoa alinifundisha kuendesha boti kwa kunibembeleza kama anayemlisha mtoto dawa. Nilijifunza ili kumfurahisha. Nilipoweza, niliacha, nikabaki kuwa abiria.

Alipokuwa hospitali, boti ilibaki imefungwa kwenye kisiki ufukweni, na upepo wa mchana ukaigongesha kwenye jiwe siku baada ya siku hadi ubao mmoja wa chini ukapasuka. Mimi sikuwa hata na habari nayo. Aliyeiona ni jirani yetu, mzee mmoja fundi seremala anayetengeneza milango, vitanda na nira za ng'ombe. Alikuja na ng'ombe wake wawili, akaivuta hadi nchi kavu, akaipindua na kuitengeneza. Niliporudi nyumbani kuchukua nguo nilimkuta anaipaka lami.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, madam. Mgonjwa anaendeleaje?"

Nilimwambia anaendelea hivyohivyo. Akatikisa kichwa, akaendelea kupaka. "Maji mimi siyajui," alisema, "lakini ubao naujua. Mwambie akirudi ataikuta."

Kwa hiyo mume wangu aliposema "boti", niliweza kumjibu kwamba ipo, imetengenezwa, inamsubiri. Alifumba macho, akatabasamu kwa upande mmoja, upande uliokuwa unaweza.

Ilichukua miezi mingine mitano kabla hajaweza kuteremka hadi ziwani kwa fimbo. Tulikwenda asubuhi, kabla ya upepo. Zamani alikuwa akikaa nyuma upande wa kulia, akishika mkono wa injini, ule wa kuelekezea boti, kwa mkono wa kushoto. Sasa mkono wa kushoto haukuwa na nguvu ya kushika kitu kinachotetemeka, kwa hiyo alihamia upande wa kushoto ili atumie wa kulia. Mimi nilikaa katikati. Tulitoka taratibu, maji kama kioo, Mlima Hanang umejitokeza wote bila wingu. Nilimwona anavuta pumzi kwa kifua kizima, nikageuka kutazama mbele, nisimwaibishe.

Kisha akaongeza mwendo, na boti ikalala kushoto.

Sisemi iliyumba. Ililala, kama mnyama anayetaka kujinyoosha ubavuni, ukingo wa kushoto ukashuka hadi maji yakawa yanapita karibu na kiwiko chake. Nilipiga kelele. Akapunguza mwendo mara moja, na boti ikainuka ikakaa sawa. Akajaribu tena, polepole zaidi. Ikalala tena. Tulirudi ufukweni kwa mwendo wa kutembea.

"Ni kwa sababu umehamia upande huo," nilimwambia. "Uzito wako uko kushoto."

Alikuwa anatazama bega lake.

Jumamosi iliyofuata tulijaza mchanga kwenye kiroba, tukakipima kwa macho kiwe karibu sawa na uzito wake, tukakiweka kulia. Boti ilipotulia tu ilikuwa imeinama kulia kidogo, maana kiroba kilizidi. Tukacheka. Akawasha injini, tukatoka, akaongeza mwendo. Ikainuka kutoka kulia, ikapita katikati, ikalala kushoto vilevile.

Jumamosi ya tatu alisema huenda kuna maji chini ya mbao za sakafu, yanakimbilia upande mmoja boti inapoinua pua. Nilizing'oa mbao, nikayakuta, nikayachota kikombe baada ya kikombe, nikamalizia kwa kitambaa mpaka pakakauka kama meza. Ikalala. Ya nne alishuku injini yenyewe. Nilileta futi yangu ya kushonea, tukapima kutoka ukingo huu na ukingo ule: ilikuwa katikati kabisa. Akaniomba nifunge jiwe kwenye uzi tuone kama injini imesimama wima. Ilikuwa imesimama wima. Alizungusha propela kwa mkono, akachungulia kila bapa. Zote nzima.

Alijifuta mkono kwenye suruali. "Kila kitu kimenyooka," alisema. "Kilichobaki ni mimi."

"Wewe umefanyaje?"

"Mimi ninalala kushoto, madam. Injini ikiunguruma na mwili wangu unatetemeka, siusikii tena. Ninajiegemeza na sijui."

Nilitaka kumpinga, lakini kiganja changu kilikuwa kinakumbuka zile mara zote nilizomnyoosha. Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kule bado kunaniuma kuliko vitu vingine vyote vya mwaka ule.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka shuleni mapema nikamkuta chumbani, mbele ya kioo cha kabati. Alikuwa amevua shati. Ule uzi wenye jiwe alikuwa ameutundika juu ya kioo, unaning'inia katikati, naye amekaa kwenye kiti mbele yake anajipima mabega. Anashuka kushoto, anajirudisha. Anashuka, anajirudisha. Nilirudi nyuma kwa vidole vya miguu, nikaenda kusimama jikoni, nikaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Jioni ile tukila aliniambia boti atampa mvuvi mmoja wa upande wa pili. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeazima jembe.

"Kabla hujampa," nilisema, "nataka kuiendesha."

Akaacha kutafuna. "Wewe?"

"Mimi. Peke yangu. Wewe ukae ufukweni unitazame."

"Kwa nini?"

Nilimwongezea mboga. Nilichojua ni kwamba, kama ni yeye anayeilaza, basi bila yeye isingelala, na hapo ningejua la kufanya: ningekaa nyuma mimi, yeye angekaa katikati, tungeendelea kwenda. Nilikuwa nimekwisha kubali kwamba ni yeye. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hunisifu kwamba nilikuwa na imani.

Asubuhi iliyofuata nilivaa suruali yake ya bustani na jaketi la kujiokolea, nikafunga kamba zake mara mbili. Aliketi kwenye jiwe kubwa, fimbo pembeni, simu mkono wa kulia ili anipige picha za video. Aliniambia maneno yaleyale aliyoniambia mwaka wa kwanza wa ndoa: nisishike kwa nguvu, nisitazame maji, nitazame ninakokwenda. Nilikaa nyuma upande wa kulia, pale alipokuwa akikaa zamani, nikashika mkono wa injini kwa kushoto. Nilivuta kamba mara tatu ndipo ikawaka. Nilisali Baba Yetu Uliye Mbinguni hadi mwisho kabla sijaondoka.

Nilikwenda taratibu kwanza. Boti iliinama kulia kidogo, upande wangu, kama inavyotakiwa. Nilipofika mbali kidogo na ufukwe nikaongeza mwendo. Pua ikainuka. Na mimi, niliyekaa kulia, nikajiona ninapanda juu, kama mtoto aliyekaa kwenye ncha ya bembea ya ubao mwenzake akiwa mzito. Boti ilikuwa imelala kushoto, na kushoto hapakuwa na mtu.

Nikapunguza, ikakaa sawa. Nikaongeza, ikalala. Nilifanya hivyo mara nne au tano, sikumbuki, nilikuwa nimesahau kuogopa. Nilikuwa napiga kelele peke yangu katikati ya ziwa.

Niliporudi alikuwa amesimama, bila fimbo, hatua mbili ndani ya maji na viatu vyake. Alinionyesha simu. Kwenye kioo cha simu nilikuwa mdogo kama inzi, na boti imeinama waziwazi.

"Wewe uko kulia," alisema.

"Niko kulia."

"Na inalala kushoto."

"Inalala kushoto."

"Siyo mimi, madam."

"Siyo wewe."

Akalia. Tangu augue machozi yalikuwa yakimjia kirahisi, madaktari walituambia ndivyo ugonjwa ulivyo, lakini haya hayakuwa ya ugonjwa. Nilimshika, nikamwomba msamaha palepale, kwenye maji. Akaniuliza msamaha wa nini. Nikamwambia. Akasema, "Hata mimi nilikuwa nimekubali," na hatujazungumza tena jambo hilo.

Baada ya hapo alibadilika akawa mwalimu wa hesabu. Alirudia ile video mara nyingi, akinionyesha kwa kidole. Tatizo la uzito, alisema, lingeonekana hata boti ikiwa imesimama. Hili linakuja na mwendo na linaondoka na mwendo. Kwa hiyo ni maji yenyewe yanayoisukuma, na yanaisukuma kwa chini. Kuna kitu chini, nyuma, kinachoinua upande wa kulia, na upande mmoja ukiinuliwa wa pili lazima ushuke. "Nilikuwa ndani yake," alisema. "Ningeonaje nikiwa ndani yake?"

Tuliwaomba wavuvi wawili waliokuwa wanakunja nyavu watusaidie kuitoa majini na kuipindua. Mume wangu alipitisha kiganja kwenye mbao za chini, kutoka mbele kurudi nyuma, polepole, kama anayempapasa ng'ombe. Kulia, karibu na mwisho, mkono wake ulipanda. Kilikuwa kile kiraka cha fundi. Ubao mgumu, umepigiliwa kwa misumari iliyopangwa vizuri, umepakwa lami kila upande, hauvuji hata tone. Mbele ulikuwa mwembamba, lakini ulivyokwenda nyuma ulizidi kunenepa, ukaishia na unene wa vidole viwili. Kila boti iliposhika mwendo, maji yaligonga huo mteremko yakainua upande wa kulia.

Tulitazamana. Wote wawili tulimfikiria fundi.

"Hatumwambii," alisema mume wangu. "Nitaupunguza mwenyewe."

"Kwa mkono upi?"

"Hatumwambii, madam. Alikuja na ng'ombe wake. Mimi nilikuwa sina hata kauli."

Lakini Basotu siyo mahali pa kupindua boti bila watu kujua. Kabla hatujamaliza kubishana nilimwona fundi anateremka kutoka kwake, kofia yake ya sufu kichwani, mikono nyuma. Tulimwamkia. Aliitika, akaizunguka boti, akauliza kwa nini imepinduliwa. Macho yake yalifuata mahali macho yetu yalipokwepa. Akachuchumaa, akapapasa ubao wake.

"Ni hapa?" aliuliza.

Mume wangu ilibidi aseme. Alimweleza kwa upole mno, kwa kuzungukazunguka, mpaka fundi akamkatiza na kuniuliza mimi kwa lugha ya kwetu Mbulu, ambayo ndiyo yake pia, nami nikamweleza moja kwa moja: boti ikienda mbio maji yanasukuma huu unene, inalala upande wa pili.

Alipitisha kidole kwenye ncha nene ya ubao. Kisha akamgeukia mume wangu, akarudi kwenye Kiswahili.

"Mwalimu, mimi nilijua unene ni nguvu. Mlango ukiwa mnene haupasuki. Nilisema huyu mtu akirudi atakuwa mnyonge, boti ikivuja hataweza kuchota maji kwa mkono mmoja. Nikaweka mnene. Kumbe nusura nikuzamishe."

Nilimwona mume wangu anatafuta maneno. Maneno bado yalikuwa yanamchelewa akiguswa. Mwishowe alisema, "Fundi, uliufikiria mkono wangu kabla mimi sijajua nitabaki na upi."

Fundi alisimama, akapanda kwake. Nilidhani ameudhika. Alirudi na randa, patasi na kopo la lami.

Alichonga yeye mwenyewe. Mume wangu alimwonyesha kiasi: mwishoni ulingane kabisa na mbao nyingine, kusiwe na ngazi wala mteremko. Fundi alisukuma randa, maranda meusi ya mbao na lami yakaanguka mchangani. Boti ilikuwa inatikisika kidogo kila anaposukuma. Akasema, bila kuinua kichwa, "Mwalimu, nishikie hapo." Mume wangu akanyoosha mkono wa kulia. "Na ule mwingine," alisema fundi. "Mmoja hautoshi." Mume wangu akaleta na wa kushoto, akauweka juu ya uti wa boti, vidole vikafunguka taratibu, vikashika. Vilitetemeka, lakini viliendelea kushika mpaka kazi ikaisha. Mimi nilijifanya ninaokota maranda.

Lami ilihitaji kukauka, kwa hiyo tuliingia majini siku ya tatu. Yeye nyuma kushoto, mimi katikati. Aliongeza mwendo, pua ikainuka, na nikangoja. Kushoto palishuka kidogo tu, kiasi cha uzito wake. Nikasogeza sanduku la vifaa kulia, likatosha. Tulikwenda moja kwa moja hadi upande wa pili, karibu na miti iliyofia majini ambako ndege hutaga, tukazunguka, tukarudi.

Mkono wake haujarudi wote, na sasa tunajua hautarudi. Anafundisha vipindi vichache, anaandika ubaoni kwa kulia na kushikilia kitabu kwa kushoto, kikianguka watoto wanamwokotea. Jumamosi anavua. Mimi siku hizi naendesha kwa zamu, siyo kwa kumfurahisha.

Fundi yeye alikuwa hajawahi kupanda chombo chochote cha majini maisha yake yote, ingawa alizaliwa akilitazama ziwa hilo. Tulimwalika mara nyingi, akawa na ng'ombe wa kuchunga, mlango wa kumalizia, mafua. Mwezi uliopita alitokea ufukweni bila kuitwa, amevaa koti lake la kanisani, akasema anataka kuona kama kazi yake imekaa. Tukamvalisha jaketi juu ya koti. Alikaa karibu yangu, ameshika ubao kwa mikono yote miwili, na kwa muda mrefu alitazama magoti yake. Halafu akainua macho, akaiona nyumba yake kwa mbali upande wa mlimani, na mkewe anaanua nguo. Akaachia ubao, akaanza kupunga mikono yote.

Mkewe alitutambua tulipokaribia. Aliteremka hadi ukingoni, akaweka kiganja juu ya macho, akapiga kelele kwa lugha yetu kuuliza ng'ombe watakamuliwa na nani.

Fundi alimgeukia mume wangu. "Mwalimu," alisema, "ongeza mwendo. Tufanye hatujasikia."